Yakuti ya buluu si kito cha wageni

Ukipita maduka ya vito ya Mji Mkongwe, buluu inayowekwa mbele kabatini ni tanzanaiti. Hoja ya wauzaji inaeleweka: duniani huchimbwa Mirerani tu, bei yake kwa karati (kipimo cha uzito wa vito) kwa kawaida ni nafuu kuliko ya yakuti, na mgeni anataka kitu cha Tanzania. Yakuti ya buluu (safaya) inabaki kutajwa kwa pete ya uchumba ya Diana wa Uingereza ya 1981, kana kwamba watu huipendea ufalme. Na hoja kwamba ni kito cha wageni nayo haisimami. Tunduru na bonde la Umba hutoa yakuti, na kote huko ni Tanzania.

Kilichoiweka yakuti vidoleni karne kwa karne ni ugumu. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 na kuishia 10, ina 9, tanzanaiti ina 6 hadi 7. Kwatzi, aina ya madini, ina 7, nayo imo katika vumbi la kawaida la nyumbani. Kila ukipangusa pete kwa ncha ya kanga, chembe hizo ndizo unazozisugua juu ya kito. Tanzanaiti ya kuvaliwa kila siku huanza kulika kingo, uso ukafifia, na mwenyewe akadhani rangi imekwisha. Rangi ipo, kilichokwaruzwa ni mng'aro. (Mchanga mweupe wa ufuo wa Paje tunausingizia bure: ni matumbawe na makombe yaliyosagika, laini kuliko vito vyote viwili.) Tena tanzanaiti ina upande inaopasukia kirahisi, na pigo moja kwenye ukingo wa sinki linaweza kuimaliza.

Upande wa pili, wa wasioitaka yakuti, una nguvu penye mizani. Kwetu dhahabu ni akiba ya mwanamke, na sonara akinunua pete hutoa uzito wa kito kwanza, mara nyingi bila kukilipia. Anayetafuta akiba anunue bangili tupu, sina la kubisha. Yakuti pia ni nzito zaidi, kwa hiyo karati moja yake huonekana ndogo kuliko karati moja ya tanzanaiti. Na kwenye herini, ambazo hazigongwi wala hazisuguliwi, sioni kwa nini mtu alipe zaidi.

Kwa pete ya ndoa, isiyovuliwa jikoni wala msalani, hesabu ni nyengine. Ila hapo ndipo udanganyifu ulipo. Kuchomwa moto ili kuboresha rangi si kasoro: yakuti nyingi huchomwa, na tanzanaiti karibu zote. Yakuti ya kiwandani, iliyoanza kutengenezwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa njia ya Verneuil (kuyeyusha unga kwa moto), ina ugumu uleule ila bei yake ni ndogo mno. Kwa lenzi ya mara 10 mistari yake ya rangi imepinda, ilhali ya asili imenyooka au ina pembe. Kitumbukize kito katika gilasi ya maji juu ya karatasi nyeupe: rangi ikijikusanya kingoni, imepenyezwa kutoka nje.

Mbaya zaidi ni iliyojazwa kioo cha buluu nyufani. Ndani yake utaona viputo. Sonara akiipiga moto kupanua pete, kile kioo kinaharibika. Na si lazima ifike kwa sonara: hata maji ya ndimu unayokamulia samaki yanakila.