Mwiteni Nyanya Naye Kliniki

Siku ya kliniki ya watoto, benchi za zahanati zetu huku Vihiga, magharibi mwa Kenya, hujaa akina mama vijana. Muuguzi anawaambia mtoto anyonye tu, bila maji wala uji, hadi atimize miezi 6. Wote wanaitikia. Kisha wanarudi nyumbani, ambako mwenye sauti jikoni ni mama mkwe.

Mtoto wa miezi 3 akilia usiku, nyanya anaamua maziwa hayamtoshi, anakoroga uji mwepesi. Msichana aliyeolewa juzi atasema nini?

"Mama, kliniki walisema..."

"Na huyo mume wako nilimlea na nini?"

Yameisha hapo. Mimi simwiti nyanya mjinga. Amelea wengi, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba titi hutoa maziwa kadiri mtoto anavyonyonya. Mtoto akishiba uji, ananyonya kidogo, na maziwa yanapungua kweli. Uji wenyewe ndio unaoleta upungufu aliouogopa, na maji yake yakiwa machafu, kuhara kunafuata. Mwambie hivyo mtu aliyefuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote uone kama hataelewa upesi kuliko sisi.

Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na mikoba yao ya vifaa, kuna mtu wa kumfikia. Lakini ninavyoona, mhudumu akibisha hodi huongea na mama wa mtoto kando, halafu nyanya anapimwa presha kivyake. Kwa nini wasiketi pamoja? Mtoto akifikisha miezi 6, nyanya ndiye atakayefundisha: majani magumu ya kunde hulainika yakipikwa na mboga ya mrenda, omena, yaani dagaa, husagwa ikaingia kwenye uji. Haya mama kijana wa leo, anayekimbilia vyakula vya paketi, hayajui.

Babu ni habari nyingine. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawaketi karibu hivi hivi, kwa hiyo wazee waelezwe kwenye baraza la chifu.

Najua nauli ya boda ya watu wawili hadi kliniki ni mzigo. Basi somo lipelekwe kwenye chama cha akina mama. Huko nyanya hakosi hata mvua ikinyesha, maana huenda zamu ya kupokea pesa ikawa yake.