Maji Yamekupwa, Hayajaibiwa

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani kwa mama, Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Saa tano asubuhi nikasikia kijana anafoka kwenye simu pale ufukweni. Yeye na mkewe wametoka Dar kwa boti ya alfajiri, wako fungate, na bahari waliyoifuata hawaioni. "Kaka, mmetuuzia picha! Maji yako wapi?" Mbele yake mchanga, madimbwi, ngalawa zimelala ubavu, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba. Mkewe alikuwa amekaa juu ya sanduku, kimya. Kijana akapiga video kutoka kushoto hadi kulia, huku akisema, "Oneni wenyewe, hakuna kitu."

Kwenye video ile, ukiikuza, vitone vyeusi kama kumi hivi vimeinama. Kimoja ni mama yangu.

Sina ugomvi na kijana yule. Mtu amedunduliza fedha ya harusi, ameahidiwa maji ya buluu mlangoni, ana haki ya kuchukia. Hasira yangu ni kwa waliomwahidi. Mtoto wa darasa la kwanza huku kwetu anajua kwamba siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hukupwa saa nne kuelekea saa tano na kujaa tena saa kumi jioni. Yanapanda na kushuka kama mita nne, na ufukwe wetu ni tambarare, kwa hiyo mita nne za kimo zinakuwa mwendo mrefu wa miguu. Kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika hamsini, mpaka yafike maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, na bahari itulie. Hili linajulikana miezi mingi kabla, limeandikwa kwenye jedwali. Bado picha zote hupigwa saa kumi, na nimewahi kuona picha ya Nungwi, kaskazini ya kisiwa, ambako maji hayaendi mbali hivi, imebandikwa kwenye tangazo la nyumba ya wageni ya huku kwetu. Huo ni uongo, na tuuite hivyo.

Uongo wenyewe ungeishia kwenye fungate moja kuharibika, ningenyamaza. Hauishii hapo. Pale panapoitwa "hakuna kitu" ni shamba. Mwani, mmea wa baharini, ulianza kulimwa hapa na kijiji jirani cha Jambiani mwaka 1989, na mama alianza akiwa msichana. Maji yakianza kutoka, anavaa yeboyebo za kukinga miba, anafunga kanga kiunoni, anatembea hadi kwenye vigingi vyake. Anakagua kamba moja moja, anang'oa majani yaliyojishika, anafunga mbegu mpya kwa vikamba vidogo. Vidole vyake vimepasuka kwenye viungo kwa chumvi, na usiku huvipaka mafuta ya nazi kabla ya kulala. Ana saa tatu, labda nne. Bahari ikirudi, kazi imekwisha, amalize asimalize. Kisha anabeba gunia linalochuruzika maji, aanike siku kadhaa, na ule mzigo wote ukikauka unabaki mdogo wa kusikitisha. Mwani wa bei nzuri, ule wa kotonii, umekuwa ukifa kwa sababu maji ya pwani yamepata joto. Wanaambiwa wahamie maji ya kina. Wengi wao hawajui kuogelea.

Sasa mgeni aliyeahidiwa mchanga mtupu akiuona mwani umetupwa ufukweni na mawimbi, anasema uchafu. Kwa hiyo alfajiri vijana wanaajiriwa na hoteli kuukwangua na kuufukia kabla wageni hawajaamka. Kuta zimejengwa. Mahali pa kuanikia pamepungua, madiko ya wavuvi yamebanwa, na mama siku hizi anaanika uani, juu ya makuti, kuku wakipita. Picha ilitangulia, halafu kijiji kikaanza kukatwa kifanane nayo. Hili ndilo linaloniuma. Bahari hawawezi kuizuia isitoke, kwa hiyo wanawasogeza watu.

Ndiyo, hoteli zimeleta ajira. Kaka yangu analipwa na mojawapo na mshahara wake umepaua nyumba hii ninamoandikia. Na taka za plastiki kwenye mchanga ni zetu wenyewe, hapo hatuna wa kumlaumu. Mjini nako uongo wa picha ni ule ule. Mwezi uliopita nilipewa kipeperushi chenye picha ya Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu la Mji Mkongwe, ikiwa nzima, wakati sehemu kubwa ya jengo hilo la mwaka 1883 iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa chini yake.

Ninachotaka ni kidogo mno. Mwenye nyumba ya wageni abandike jedwali la maji mapokezi, na alitume kwa mgeni kabla hajalipa. Aweke na picha moja, moja tu, ya saa nne ya bamvua, wanawake wakiwa shambani. Atakayetaka kuogelea mchana kutwa ataambiwa aende kaskazini, na atashukuru. Atakayekuja huku atakuja akijua, na huenda akavua viatu akatembea hadi kwenye mwamba, akaona pweza anavyochokolewa shimoni.

Nilikwenda kwa maharusi wale. Nikawaambia, "Shemeji, subirini, saa kumi yatakuwa hapa." Mke aliniangalia kama anayetaka kuamini. Mume alikuwa ameshaita gari. Saa nane wakaondoka kwenda Nungwi, wakapishana njiani na mama, gunia kichwani, kanga imelowa hadi kifuani. Alisimama pembeni kuwapisha, akawapungia mkono.

Saa kumi kasorobo maji yalikuwa yanagusa ngazi za hoteli, rangi ile ile ya kwenye picha.