Kitufe cha Turbo na Sekunde Nne

Kasha nililikuta stoo, limelala chini ya feni mbovu na rundo la magazeti. Lilikuwa la kompyuta yangu ya kwanza, ya enzi za 486, prosesa au ubongo wa kompyuta wa wakati ule, lile la kusimama wima, chuma kitupu, zito kiasi kwamba ukilinyanyua unasikia mgongo ukilalamika kwa herufi kubwa. Uso wake wa plastiki ulitoka kiwandani na rangi ya maziwa. Sasa ulikuwa na rangi ya meno ya mvuta kiko.

Mtu mwenye akili zake angelitupa. Mimi nikalifuta vumbi kwa mkono wa shati, nikaona vile vitu vya mbele, moyo ukayeyuka. Kulikuwa na tundu la ufunguo wa kufunga kibodi. Kulikuwa na kioo kidogo cha tarakimu mbili zinazowaka. Na kulikuwa na vitufe vitatu: kikubwa cha kuwashia, kidogo cha kuanzisha upya, Reset, na pembeni yake, mfalme wao, Turbo.

Waliozaliwa juzi huwa hawaniamini nikiwaeleza Turbo. Wanadhani kilikuwa kinaongeza kasi. Kazi yake hasa ilikuwa kuipunguza. Michezo mingi ya awali ilipima muda kwa kasi ya prosesa, na iliandikwa kwa mashine za megahezi 4.77. Ukiicheza kwenye kompyuta ya megahezi 66 unakufa kabla hujamwona adui. Basi unakitoa Turbo, kompyuta inajifanya mzee, na wewe unapata nafasi ya kufa kwa heshima.

Lakini mimi sikukipenda kwa sababu hiyo. Nilikipenda kwa mlio wake. Ukikibonyeza kinazama na kukaa huko ndani: kwa! Ukikibonyeza tena kinachomoka: ko! Hakuna kitufe cha siku hizi kinacholia hivyo. Vya siku hizi vinanong'ona kama vina deni.

Nikaapa hapo hapo stoo: kompyuta yangu mpya, niliyokuwa naikusanya kipande kwa kipande, itakaa ndani ya kasha hili, na itawashwa kwa Turbo.

Tatizo la kwanza ni kwamba kasha lilikuwa la mtindo wa AT, ulioanza na kompyuta ya IBM ya mwaka 1984. Bodi yangu mpya, ile sahani kuu inayobeba vipande vyote, inafuata ukoo wa ATX, ambao Intel waliuleta mwaka 1995. Mgongo wa kasha la AT una tundu moja tu la maana kwa bodi, la duara, la kuchomekea kibodi. Bodi mpya inataka dirisha zima la milimita 158.75 kwa 44.45. Aliyeandika vipimo hivyo alikuwa anawaza kwa inchi, 6.25 kwa 1.75, akaniachia mimi hizo robo tatu za milimita nizitafute kwa tupa.

Nikachora kiolezo kwenye boksi gumu nikiwa nimeingiza kichwa ndani ya kasha, nikakikata vizuri, nikakibandika kwa nje. Mwenye akili ameshaelewa. Mimi nilielewa baada ya grenda kuzima, cheche zimetulia, na dirisha zuri mno, pembe zake zimenyooka kama za daftari, limekaa upande wa mlango badala ya upande wa bodi. Nilikaa chini nikalitazama kwa muda. Lilikuwa dirisha bora kuliko yote niliyowahi kukata, na pia la kwanza.

La pili halikupendeza vile. La kwanza nililiziba kwa kipande cha bati na ribiti nane, na mgongo wa kasha ukawa kama kaptula yenye kiraka makalioni. Vidole vyangu navyo sivitaji. Makasha ya zamani hayakukunjwa kingo zake. Kila ukingo ni wembe, na ukimaliza kazi unaweza kulipata kasha gizani kwa kufuata damu.

Kwa upande wa umeme nilikuwa mwangalifu, na hili nalisema kwa sababu ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa. Kwenye mashine za AT, umeme wa ukutani, volti zote 230, unatoka kwenye pawa saplai, lile boksi la kugawa umeme, kwa kebo nene nyeusi hadi kwenye kile kitufe kikubwa cha mbele, kwenye ncha ya kidole chako. Kebo hiyo niliing'oa pamoja na kitufe chake, nikavifungia kwenye mfuko kama nyoka aliyeuawa. Bodi mpya inataka waya mbili tu nyembamba, za umeme mdogo sana, zinazochomekwa kwenye pini mbili. Nikazichomelea kwenye Turbo.

Kile kioo cha tarakimu nacho nilikirudisha. Watu wengi walidhani kinapima kasi. Hakipimi kitu. Kwa nyuma kina vijampa vingi, vijifuniko vya kuunganisha pini, na jinsi ulivyovipanga ndivyo kitakavyosema, hata ukitaka kidanganye. Changu kilipangwa tangu zamani: Turbo kikiwa ndani kinaonyesha 66, kikiwa nje kinaonyesha LO, yaani kasi ya chini. Prosesa yangu mpya ni ya megahezi 3600, tarakimu nne hazikai penye mbili, nikakiacha kilivyo. Na kwa kuwa Turbo nilishakihamishia kazi nyingine, kioo kikabaki bila wa kukishtua: kikipata umeme, kinasema LO tu.

Siku ya kuwasha nilimwita mke wangu. Alikuja, akasimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani.

"Sikiliza mlio," nikamwambia.

Kwa!

Feni zikazunguka. Kioo kikawaka: LO. Nikageuka kumtazama mke wangu kwa ule uso wa mtu aliyeshinda uchaguzi. Nilipogeuka tena, pu. Kimya. Giza.

Nikabonyeza tena. Ko. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena. Kwa! Feni, LO, moja, mbili, tatu, nne, pu.

"Mlio nimeusikia," akasema mke wangu, akarudi kwenye shughuli zake.

Nikaanza utabibu. Nilidhani kwanza ni joto, kana kwamba kuna prosesa inayoungua ndani ya sekunde nne huku feni yake inazunguka. Nikafungua, nikafuta ile pesti ya kupitisha joto, nikapaka upya. Pu. Nikadhani ni shoti: zile nguzo ndogo za shaba zinazobeba bodi, labda moja imesimama pasipo tundu na inaigusa kwa chini. Nikaitoa bodi, nikazihesabu nguzo, zilikuwa sawa, nikairudisha. Pu. Labda ni unga wa chuma uliobaki kutoka kwenye madirisha yangu mawili. Nikapuliza, nikapiga brashi, nikapitisha sumaku kila kona. Pu. Nikatoa ramu moja, kile kijiti cha kumbukumbu, nikaiacha nyingine, nikazibadilisha, nikazisugua miguu kwa kifutio cha penseli. Pu, pu, pu.

Nilikuwa nimeshagundua kwamba mashine inakubali kuwaka kila ninapobonyeza mara ya pili. Mara moja inawaka, mara nyingine inagoma. Ushahidi huo ulikuwa mbele yangu, mtupu, unanipungia mkono. Mimi nikahitimisha kwamba pawa saplai inahitaji kuvuta pumzi.

Nikaifungasha pawa saplai na bodi na vyote vilivyoshikamana nayo, nikapeleka kwa fundi. Fundi akavitandaza mezani bila kasha, akachukua bisibisi, akagusisha ncha yake kwenye zile pini mbili, chap, akaiondoa. Feni zikazunguka. Sekunde nne zikapita. Kumi zikapita. Alikunywa maji, akapokea simu, akamaliza simu, feni bado zinazunguka.

"Kaka, mashine nzima hii."

Nikarudi nyumbani, nikafunga kila kitu. Kwa! LO. Moja, mbili, tatu, nne. Pu.

Safari ya pili nikabeba na kasha, ila uso wake nikauacha. Unachomolewa kwa vibanio vya plastiki, vimezeeka, na viwili vilishakatika. Nilihofia kuuvunja njiani. Fundi akaweka bisibisi yake. Chap. Ikawaka, na haikuzima mpaka alipoizima mwenyewe.

Akaniangalia kwa huruma ile wanayopewa wagonjwa wanaopona wakifika kwa daktari.

"Umeme wa nyumbani kwako unauonaje?"

Siku mbili zilizofuata nilizunguka na kompyuta kila chumba. Soketi ya sebuleni, pu. Ya chumbani, pu. Ya jikoni, kwa waya wa kuongezea, huku mke wangu akivuka juu yake na sufuria, pu. Nilikuwa nimefika hatua ya kuhesabu kwa sauti. Nahesabu hadi nne, kompyuta inazima, natikisa kichwa kama shabiki wa timu inayofungwa dakika za mwisho.

"Hivi kwa fundi unapeleka nini?" mke wangu akauliza, sufuria mkononi.

"Kila kitu. Isipokuwa uso."

"Basi mpelekee na uso. Mgonjwa haendi hospitali kichwa kakiacha nyumbani."

Nilikasirika kidogo, kwa sababu lilikuwa wazo zuri.

Safari ya tatu fundi aliponiona alifunga macho kwanza. Nikauweka uso mahali pake, nikachomeka waya zangu mbili, nikasogea.

"Bonyeza hiki."

"Turbo?"

"Ndiyo. Kinalia vizuri, utasikia."

Kwa! LO. Fundi akaanza kuhesabu pamoja nami bila kujua. Pu. Akabonyeza tena, ko, kimya. Akabonyeza tena, kwa, na safari hii hakutazama feni. Alipitisha ncha ya kidole juu ya Reset, kisha juu ya Turbo, kisha akarudia, taratibu, kama mtu anayepima vumbi. Reset ilikuwa imejitokeza. Turbo kilikuwa kimezama. Pu.

"Kaka, kompyuta ikiganda kabisa, haisikii chochote, unaizimaje?"

"Unashikilia kitufe cha kuwashia. Sekunde nne hivi inazima."

Akanyamaza. Mimi nikanyamaza. Kwa mbali nikaanza kusikia joto linapanda shingoni.

"Sasa hiki," akasema, akigonga Turbo kwa ukucha, "wewe ukishakitoa mkono, nani anaendelea kukishikilia?"

Kitufe cha ATX, akanieleza kwa upole ulioniuma kuliko matusi, hakipitishi umeme wa kuendesha mashine. Kinaiambia bodi tu: amka. Unagusa, unaachia, bodi inafanya mengine. Vya zamani vilikuwa vinaukata na kuuunga umeme wenyewe, ndiyo maana vilitengenezwa vizame na kubaki. Kwa hiyo kila nilipobonyeza Turbo yangu, bodi ilisikia mtu akisema amka, halafu mtu yuleyule akaing'ang'ania koo kwa sekunde nne. Ikafanya inachofundishwa kufanya. Na ko yangu ya pili ilikuwa ni kuiachia koo tu.

"Na Reset," akaongeza, "hii hapa, ubavuni kwake kabisa, tangu kiwandani ni ya kugusa na kuachia. Ungeunga hapa, tusingejuana."

Sikumwambia kwamba Reset niliikataa kwa sababu hailii.

Alikifungua Turbo kwa kibano, akakikaza chini ya lenzi, akavuta kutoka ubavuni kiwaya kilichopinda ncha mbili, mfano wa pini ya kubania karatasi iliyonyooka katikati. Hicho ndicho kilichokuwa kinanasa kwenye mfereji mdogo na kukizuia kitufe kisirudi. Alikiweka kwenye kiganja changu. Pesti mbili za joto, madirisha mawili, safari tatu, soketi za nyumba nzima, na mwenye kosa alikuwa hana hata uzito wa kuhisiwa mkononi.

Nyumbani nikamwita tena mke wangu. Alisimama palepale mlangoni, mikono vilevile kifuani. Nikabonyeza.

Kitufe kikaingia, kikarudi, laini, kama panya aliyechungulia na kughairi. Feni zikazunguka. Moja, mbili, tatu, nne. Tano! Sita. Zinazunguka. Nikageuka na ule uso wa uchaguzi.

"Mbona hakilii?" akauliza.

Nikakibonyeza hewani kwa kidole, nikakumbuka kile kiwaya kiko mfukoni mwangu na mlio wote umo humo. Nikafungua mdomo nimjibu. Kwenye kioo cha mbele, kompyuta ilikuwa imeshanisemea:

LO.