Mwizi hapiti tunduni

Juzi barazani kwetu Wete, baada ya Laasiri, iliingia ile meseji ambayo kila mtu keshaipata: usipokee simu ya WhatsApp ya namba usiyoijua, ukipokea tu umekwisha. Ami, muuza kahawa wetu, akazima data palepale. Kijana mmoja aliyesomea kompyuta Unguja akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Ami, nani ahangaike na simu yako wewe?"

Nimekuwa nikiwapima wawili hawa tangu siku ile.

Ami hakuogopa hewa. Mei 2019 WhatsApp wenyewe walitangaza kuwa upande wa kupiga simu una tundu, yaani kosa la programu linalomwachia mdukuzi njia ya kuingia, na kwamba kupitia hapo mtu angeweza kupandikiziwa programu ya ujasusi ya kampuni ya NSO ya Israel. Wala hukuhitaji kupokea, simu ikilia tu inatosha. Kwa hiyo ukweli ulikuwa mbaya kuliko hata hiyo meseji. Lakini waliolengwa walikuwa kama watu 1,400, wakiwemo waandishi wa habari, watetezi wa haki na wanadiplomasia, na tundu likazibwa mwezi uleule. Meseji yetu ni mzuka wa jambo lililokwisha zikwa.

Kijana naye ana hesabu upande wake. Mwaka huohuo wa 2019 kampuni moja iliyokuwa ikinunua matundu ya aina hii, Zerodium, ilitangaza kulipa hadi dola milioni 2.5 kwa njia ya kuingia kwenye Android bila mwenye simu kubonyeza chochote. Mwenye silaha ya bei hiyo haji kuifyatua Wete kwa salio la muuza kahawa. Hapo kijana kanishinda, nakubali.

Ila tundu halibaki ghali milele. Mwaka 2015 liligunduliwa moja kwenye Android, likaitwa Stagefright: video iliyotumwa kwa meseji ilitosha kumfungulia mtu mlango. Simu zilizokuwa hatarini zilikadiriwa kufika milioni 950, na ndipo Google wakaanza kutoa kila mwezi viraka vya usalama, yaani masasisho ya kuziba matundu. Sasa kiraka kina ubaya wake. Kikitoka, mwenye ujuzi anakisoma na kujua tundu lilikuwa wapi. Simu iliyokipata imepona. Isiyokipata imebaki wazi, na safari hii ramani iko hadharani, haihitaji tena dola milioni mbili na nusu.

Nikamwomba Ami simu yake. Kioo kinang'aa, kava jipya, kainunua Darajani kwa watu wa mitumba ya Dubai. Nikaingia kwenye mipangilio kutafuta tarehe ya kiraka cha mwisho: Juni 2020. Nikabonyeza itafute kipya. Ikazunguka, ikazunguka, kisha ikajibu kwamba simu iko sawa, haina cha kusasisha. Na kweli haina, kwa sababu aliyeitengeneza keshaacha kuishughulikia. Ami akafurahi. "Umeona? Iko sawa."

Sikujua nimwambie nini. Kumwambia anunue mpya ni kumdhihaki. Google tangu Pixel 8 ya 2023, na Samsung tangu Galaxy S24 ya 2024, wameahidi miaka saba ya viraka, lakini hizo si simu za pesa ya kahawa. Usalama umekuwa bidhaa ya rafu ya juu, na hili ndilo linaloniudhi kuliko wadukuzi wote. Hata mwenye simu inayopata viraka, sasisho moja linaweza kummalizia bando la wiki, basi anabonyeza "baadaye" mwaka mzima.

Pamoja na hayo, nikihesabu watu ninaowajua walioibiwa, sioni hata mmoja aliyeibiwa kupitia tundu. Yuko mama mmoja wa Chake Chake aliyepigiwa na mtu wa sauti ya upole, akaombwa namba sita zilizoingia kwenye simu yake "kimakosa". Akazisoma moja moja. Jioni WhatsApp yake ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, inawakopa mashoga zake wote wa kwenye mchezo. Wapo waliopata "ile pesa tuma kwenye namba hii" siku ambayo kweli walikuwa wanadaiwa kodi. Kwa wizi huo hakuna kiraka. Kuna 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripotia namba za matapeli, na *106# ya kutazama laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ambayo wengi hawajawahi kuipiga.

Halafu nikamtazama kijana wetu mcheshi. Simu yake mpya, kiraka cha mwezi huu. Lakini WhatsApp anayotumia si ile ya dukani Play Store, ni ile ya rangi rangi waliyorushiana na wenzake, inayoonyesha meseji zilizofutwa. Nani kaitengeneza, hajui. Kaipa ruhusa ya majina yote, picha zote, na maikrofoni. Tundu gani tena atafutiwe huyu?

Kwa hiyo mimi woga wangu nimeuweka kwenye siku moja, siku ya kununua. Muulize muuzaji simu hii imebakiza miaka mingapi ya viraka kabla hujauliza kamera. Akikutazama kama umemwuliza umri wa mamaye, nenda duka la pili. Na kwa mwenye simu kama ya Ami, wako wanaofanya jambo jepesi: laini ya pesa inakaa kwenye kitochi, inatumika kwa nyota na reli bila intaneti, na WhatsApp inabaki kwenye simu kubwa peke yake.

Ami aliposikia hilo la kitochi akasema anacho kabatini, chaji yake wiki nzima. Akawasha data. Meseji ya kwanza kuingia ilikuwa ileile ya usipokee, imetoka kwa mkwewe wa Mkoani.