CECAFA ya wanawake: ubingwa upo, kalenda hakuna

Wapo wanaoona mashindano ya timu za taifa za wanawake ya CECAFA, shirikisho la soka la Afrika Mashariki na Kati, hayazisaidii timu kubwa za ukanda, na hoja yao ina mashiko. Mwaka 2019 pale Chamazi, Dar es Salaam, Tanzania iliichapa Sudan Kusini 9-0. Katika mechi kama hiyo kipa wa washindi anashinda amesimama tu, na kocha anaondoka na mabao tele bila kujua kama mabeki wake watamkaba mshambuliaji wa Nigeria.

Ila Sudan Kusini hiyohiyo, iliyokuwa ikishiriki kwa mara ya kwanza, iliifunga Zanzibar 5-0 katika mashindano hayohayo. Ukiyafuta, wasichana wale watacheza na nani?

Kwangu mimi, tatizo kubwa zaidi ni ratiba. Michuano ya kwanza ilifanyika Zanzibar mwaka 1986, na wenyeji wakatwaa kombe. Iliyofuata ilichezwa Jinja, Uganda, mwaka 2016, miaka 30 baadaye! Ikaja 2018, 2019, 2022, kisha 2025. Uganda walipobeba kombe 2022, Kenya waliokuwa mabingwa hawakuwepo hata kulitetea, kwa kuwa nchi yao ilikuwa imefungiwa na FIFA.

Linganisha na klabu. Tangu 2021 mashindano ya klabu za wanawake ya CECAFA yanachezwa kila mwaka, kwa sababu bingwa wake anakata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ya timu za taifa hayana tiketi yoyote, kwa hiyo fedha zikikosekana ndiyo huahirishwa kwanza. Kusini mwa Afrika, michuano ya wanawake ya COSAFA, shirikisho la soka la ukanda huo, imekuwa ikichezwa karibu kila mwaka tangu 2017 na hualika wageni. Tanzania ilialikwa 2021 ikarudi na kombe.

Kuyafanya ya kila mwaka nako kuna gharama, na si ya nauli na hoteli pekee. Yakiangukia nje ya kalenda ya FIFA, klabu za nje hazilazimiki kuwaachia wachezaji, nasi tunabaki na vikosi nusu.

Afadhali basi yawe kila baada ya miaka miwili, wiki chache kabla ya WAFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake. Mwaka 2025 ilitokea hivyo: Tanzania ilitwaa ubingwa Chamazi mwezi Juni, na Julai ikaenda Morocco ikatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika.