Msiwasingizie Isaka na Ishmaeli

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja, bendera ya Israeli ikiwa imetandazwa mbele ya mimbari, alituambia kuwa vita vya Gaza ni ugomvi wa Isaka na Ishmaeli, wana wa Ibrahimu wanaohesabiwa kuwa mababu wa Wayahudi na Waarabu, kwa hiyo Mkristo kazi yake ni kujua yuko upande gani. Watu wakaitikia amina. Jioni, kwenye grupu la mtaa, jirani Mwislamu naye akaandika kwamba Mayahudi wote lao ni moja tangu enzi za manabii. Hasira haijanitoka mpaka leo. Watu wanakufa, sisi tunashangilia kama Simba na Yanga.

Basi tufungue hicho Kitabu. Mwanzo 25:9 inasema Isaka na Ishmaeli walimzika baba yao pamoja, katika pango la Makpela. Pamoja! Pango hilo liko Hebron, katika Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina. Februari 1994 mlowezi wa Kiyahudi, yaani Mwisraeli aliyehamia kuishi eneo hilo, Baruch Goldstein, aliwamiminia risasi Waislamu waliokuwa wakiswali hapo, akaua 29. Baadaye jengo likagawanywa, msikiti upande huu, sinagogi upande ule, askari mlangoni. Mgawanyo huo Ibrahimu hakuuacha. Umeletwa na watu wa juzi: Azimio la Balfour la 1917, Uingereza ilipounga mkono Wayahudi kupata makao Palestina, vita vya 1948 vilivyowaacha Wapalestina zaidi ya 700,000 bila makwao, na Ukingo wa Magharibi kukaliwa kijeshi na Israeli tangu 1967.

Na Wakristo wenzangu, Bethlehemu mnayoiimba kila Desemba ni mji wa Wapalestina, na meya wake huwa Mkristo. Shireen Abu Akleh, mwandishi wa Al Jazeera aliyeuawa kwa risasi Jenin, Ukingo wa Magharibi, Mei 2022, alikuwa Mkristo. Polisi wa Israeli waliwapiga virungu waliobeba jeneza lake, likainama nusura lianguke chini. Oktoba 2023 familia zilizokimbilia kanisa la Mtakatifu Porphyrius, Gaza, ziliangukiwa na bomu humo humo. Mhubiri, hawa unawaweka upande gani?

Jirani, nawe: Israeli raia mmoja kati ya watano ni Mwarabu, na Wayahudi wengi wa huko babu zao walitoka Iraki, Yemeni na Moroko wakizungumza Kiarabu. Vivian Silver, Myahudi mpigania amani, alijitolea kuwapeleka wagonjwa wa Gaza hospitalini Israeli. Aliuawa nyumbani kwake Be'eri, karibu na Gaza, Hamas waliposhambulia Israeli 7 Oktoba 2023. Siku hiyo hiyo waliuawa vijana wetu wawili wa Tanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Hao nao walikuwa na ugomvi gani na manabii?

Dini imo, sawa, nakubali. Hamas wanaitaja, walowezi wanaitaja, na Al-Aqsa, msikiti mtakatifu wa Yerusalemu, si jengo la kuchezea. Lakini kama damu ya Ishmaeli ndiyo inayozuia amani, mtueleze Misri, nchi ya Hajiri, mama yake. Ilipigana na Israeli 1948, 1956, 1967 na 1973. Mwaka 1979 wakatia saini mkataba wa amani, Sinai ikarudishwa, na hawajapigana tena. Rais wa Misri aliyeusaini, Sadat, aliuawa 1981, mkataba ule ukiwa moja ya makosa waliyomhesabia wauaji wake, na bado Misri haijauvunja, hata katika miaka hii ya Gaza.