Tommie Frazier alifika

Wiki mbili zilizopita nilimtumia kaka yangu klipu fupi kwa WhatsApp. Kijana mwenye jezi nambari 15 anapokea mpira, anakimbia hatua chache, anavamiwa na kundi la watu, anapotea kabisa katikati yao, halafu anachomoka upande wa pili akiwa bado amesimama na mpira mkononi. Kaka hajui sheria hata moja ya futiboli ya Kimarekani, lakini alinipigia papo hapo.

"Mdogo wangu, huyu jamaa ni hatari! Alicheza NFL miaka mingapi?"

Nikamwambia hakucheza NFL, ile ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, hata mechi moja. Akanyamaza kidogo.

"Aah. Kumbe hakufika."

Neno hilo limenikaa kooni tangu siku hiyo. Kaka hakusema kwa ubaya, wengi wetu ndivyo tunavyosema. Fulani alikuwa moto sana shuleni lakini hakufika. Fulani alikuwa na kipaji, akaumia, hakufika. Ninaandika leo kwa sababu nadhani neno hilo ni dhuluma, na sijaona mfano unaolionyesha hivyo kuliko huyu wa Tommie Frazier, kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, wa Chuo Kikuu cha Nebraska, aliyeingizwa kwenye Jumba la Umaarufu la Futiboli ya Vyuo mwaka 2013.

Mimi mwenyewe nilimjua Frazier kwa bahati tu. Nilipohamia Lincoln, Nebraska, nilifanya kazi ya usiku kwenye ghala, na wakati wa mapumziko nilikaa meza moja na mzee mmoja mzaliwa wa pale. Nebraska haina timu ya kulipwa ya NFL. Chuo ndicho timu yao, na Jumamosi ya mechi mji mzima unavaa nyekundu. Tangu Novemba 1962 tiketi za Memorial Stadium zimekuwa zikiisha kila mechi, na wenyeji wanapenda kusema kwamba uwanja ukijaa unakuwa mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo, baada ya Omaha na Lincoln yenyewe. Mimi nilikuwa sielewi lolote. Usiku mmoja mzee akaweka simu yake mezani, akaifuta kioo kwa mkono wa shati, akasema nitazame.

Ilikuwa ni klipu hiyohiyo. Januari 2, 1996, Tempe, Arizona, fainali ya ubingwa wa vyuo, Nebraska na Florida. Mzee aliicheza mara ya kwanza bila kusema neno. Mara ya pili akawa anaisimamisha kila baada ya nusu sekunde, anaweka kucha ya kidole cha shahada juu ya mchezaji wa Florida, anahesabu. Mmoja huyu, kamshika kiuno. Huyu wa pili, begani. Wa tatu huyu hapa, mwangalie, anadhani kazi imeisha. Akafika saba. Kisha akaiachia klipu iende, na Frazier akaenda zake pembeni mwa uwanja peke yake hadi mwisho, yadi 75. Mzee alikuwa ameiona mara ngapi hiyo klipu? Lakini pale Frazier alipochomoka, mabega yake yalipanda kama mtu anayeshtuliwa.

Nieleze kidogo aina ya mchezo waliocheza, maana bila hilo mbio ile inaonekana ni nguvu tu. Nebraska ya kocha Tom Osborne ilicheza mtindo wa kuchagua. Kwotabeki anapokea mpira na kukimbia sambamba na ukuta wa wenzake, huku mwenzake mmoja akimfuata kwa pembeni, nyuma kidogo. Mbele yao kuna beki mmoja ambaye ameachwa makusudi, hakuna anayemzuia. Beki akimwendea kwotabeki, mpira unarushwa kwa yule wa pembeni. Beki akimwendea wa pembeni, kwotabeki anabaki nao na kupenya. Uamuzi unafanywa mtu akiwa kwenye mbio, katika kufumba na kufumbua, na mara nyingi kwotabeki anapigwa hata kama ameshautoa mpira. Ukikosea kusoma macho ya mtu mmoja, mpira uko chini na wenzako wanakutazama wewe. Frazier alifanya hivyo kwa misimu minne, na katika mechi alizoanza, Nebraska ilishinda 33 na kupoteza 3.

Naomba uisome tena hiyo: 33 na 3.

Kabla ya usiku ule wa Arizona kulikuwa na mwaka 1994, na huo ndio ninaoupenda zaidi. Msimu ulikuwa ndio kwanza umeanza madaktari walipogundua damu imeganda kwenye mguu wake wa kulia. Dawa ya kuzuia damu kuganda humfanya mtu avuje sana akiumia, na huu ni mchezo wa kugongana. Kwa hiyo akawekwa benchi. Nafasi yake akaichukua Brook Berringer, kijana mtaratibu ambaye mwenyewe alipata tatizo la pafu kusinyaa na bado akaendelea kuishindia timu mechi. Nebraska ikafika mji wa Miami, Januari 1, 1995, haijafungwa, kucheza fainali na timu ya Chuo Kikuu cha Miami. Osborne alikuwa kocha mkuu tangu 1973 na hajawahi kuchukua ubingwa wa taifa. Mwaka mmoja kabla, katika uwanja uleule, aliukosa kwa pointi mbili mbele ya Florida State.

Frazier alianza mechi ile, akapumzishwa, Berringer akaingia. Robo ya mwisho ilipoanza, Miami walikuwa mbele 17 kwa 9. Osborne akamrudisha Frazier. Kijana ambaye miezi mitatu tu nyuma alikuwa amelazwa kwa damu kuganda, mbele ya Miami nyumbani kwao, akaongoza timu kwenda kufunga mara mbili. Ikaisha 24 kwa 17. Osborne akapata ubingwa wake wa kwanza baada ya zaidi ya miaka 20 ya kusubiri. Mwaka uliofuata wakarudia, na fainali ya Arizona ikaisha 62 kwa 24, Frazier akiwa amekimbia yadi 199 mwenyewe. Alichaguliwa mchezaji bora wa fainali tatu mfululizo, ikiwemo ile waliyofungwa na Florida State.

Halafu ikaja Aprili 1996, siku za NFL kuchagua wachezaji kutoka vyuoni. Raundi 7 zikapita na jina la Frazier halikutajwa. Hofu zilikuwa mbili: ile damu, na mtindo wake wa kukimbia badala ya kurusha mpira mbali kama ligi ilivyotaka makwotabeki wake wafanye. Siku mbili kabla ya uchaguzi huo kuanza, Berringer alikufa katika ajali ya ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha mwenyewe. Sanamu yake akiwa na kocha Osborne ipo nje ya uwanja wa Lincoln, na nikipita pale huwa nasimama kidogo. Vijana wawili walioshirikiana ubingwa mmoja, mwezi mmoja, mmoja amekufa na mwingine ameambiwa hatakiwi.

Frazier alicheza msimu mmoja Kanada, Montreal, basi. Baadaye alikuwa kocha, akaongoza timu ya chuo kidogo cha Doane hukohuko Nebraska kwa misimu miwili, na haikwenda vizuri.

Sasa twende kwenye neno la kaka. Tunaposema mtu kama huyu hakufika, alitakiwa afike wapi? Nimelifikiria sana na jibu langu ni moja: tunamaanisha hakulipwa. Hakuna kingine. Uwanja ulijaa kwa ajili yake, televisheni zilimwonyesha nchi nzima, jezi ziliuzwa. Yeye alipata ada, chumba na chakula, kwa sababu sheria za michezo ya vyuo wakati huo zilimkataza mwanafunzi kupata hata senti kutokana na jina lake. Ruhusa hiyo ilikuja 2021, miaka 25 baada yake kuondoka. Kwa hiyo kazi aliifanya, mbele ya macho ya watu, kwa ubora ambao mabeki saba hawakuuzuia. Kilichokosekana ni hundi. Na sisi tumeichukua hundi tukaifanya ndiyo rula ya kumpimia mtu.

Hapo ndipo ninapoliheshimu lile Jumba la Umaarufu. Sheria yake ni ya ajabu kidogo kwa mtu wa nje: mchezaji lazima awe aliwahi kuchaguliwa kikosi cha kwanza cha taifa cha wachezaji bora wa vyuo, na iwe imepita miaka 10 tangu acheze mara ya mwisho chuoni. Kile alichokifanya NFL hakihesabiwi. Joe Montana, aliyeshinda Super Bowl, fainali ya NFL, mara 4, hayumo, kwa sababu alipokuwa chuoni Notre Dame hakuchaguliwa kikosi hicho. Tommie Frazier yumo. Watu wengine wanaiona sheria hiyo kama kasoro. Mimi naiona kama uaminifu. Jumba linasema: sisi tunatunza kumbukumbu ya umri huu wa miaka 18 hadi 22, tunautazama kama kitu kamili chenye thamani yake, hatuuoni kama ngazi ya kupandia kwingine.

Lakini walimchelewesha, na hilo sitalifunika. Alistahili tangu katikati ya miaka ya 2000 na akaachwa mwaka baada ya mwaka huku jina lake likiwa kwenye orodha ya kupigiwa kura. Najua wanaingizwa wachache kila mwaka, na kuna vyuo vingi na majina ya zamani yanayosubiri. Bado, mtu aliyechukua mataji mawili mfululizo akiongoza mashambulizi, aliyeshika nafasi ya pili kwenye Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ya 1995 nyuma ya Eddie George, hakuwa jina la kujadiliwa kwa miaka yote ile. Nashuku kwamba hata wapiga kura, na sheria yao nzuri mkononi, kichwani walikuwa na lile neno la kaka yangu.

Kuna mambo mawili kuhusu mwaka ule 2013 yananipendeza mno. Moja, Frazier aliingizwa wakati Jumba lenyewe halina nyumba. La South Bend, Indiana, lilikuwa limefungwa mwisho wa 2012, na la Atlanta lilikuja kufunguliwa Agosti 2014. Hafla ilifanyika New York, Desemba, kwenye chakula cha jioni. La pili ni kwamba katika orodha ileile ya 2013 alikuwemo Danny Wuerffel. Huyu ndiye aliyekuwa kwotabeki wa Florida usiku ule wa Arizona, aliyekaa pembeni akitazama yule nambari 15 akiwapita wenzake mmoja mmoja. Mwaka uliofuata Wuerffel alichukua Heisman na ubingwa. NFL naye hakung'ara. Miaka 17 baada ya ile 62 kwa 24, wameingia mlango mmoja, mwaka mmoja, na hakuna aliyewauliza mishahara yao.

Sikumwambia kaka yote haya kwa simu. Nilimwambia kitu kimoja tu, na nilisita kabla ya kukisema, maana kaka mwenyewe alikuwa mchezaji. Namba kumi wa timu ya shule yake, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuwa na mguu kama ule. Alifika hadi kikosi cha mkoa kwenye mashindano ya shule za sekondari, goti likaharibika, likafungwa bandeji na kuambiwa litapona. Halikupona. Hakuna kitabu kilichoandikwa, hakuna picha, kombe walilolichukua sijui liko stoo gani. Tangu hapo, mtu akimuuliza habari za mpira, husema, "Mimi sikufika." Nimelisikia neno hilo kinywani mwake utotoni mwangu mwote. Alipolitamka juu ya Tommie Frazier, nilijua limetoka wapi.

Kwa hiyo nikamuuliza: "Kaka, lile bao la nusu fainali ulilifungaje?"

"Lipi?"

"Lile ambalo baba alikuwa akilisimulia."

Kimya. Nikasikia kiti kinavutwa.

"Aah, lile la mvua," akasema. "Sikiliza sasa. Uwanja ulikuwa umejaa maji upande wa goli lao, kwa hiyo mpira ulikuwa hauviringiki. Mimi nikamwambia winga wetu asipige chini, ainue. Kulikuwa na beki mmoja mrefu, mweusi, ana jezi iliyochanika hapa kwapani..."

Salio langu lilikatika dakika ya kumi na moja, na alikuwa bado hajafika kwenye kumi na nane. Nikanunua kifurushi kingine, nikampigia.